Farasi Anayeanguka kwenye Filamu

Jumamosi iliyopita, baridi ya Mafinga ikiwa imetufungia ndani, nilitazama na wanangu filamu ya zamani ya vita, na binti yangu mdogo akaniuliza kama farasi aliyeanguka aliumia kweli. Nilimjibu kwamba katika filamu za miaka ile, mara nyingi aliumia. Farasi alifungwa waya kwenye miguu ya mbele, ncha nyingine ikafungwa kwenye kigingi ardhini, na alipokuwa katika mbio kali waya ulikaza ghafla, akabwagwa kichwa mbele. Wengine walivunjika miguu, na farasi aliyevunjika mguu kwa kawaida huuawa. Ukatili huo, tena kwa ajili ya burudani, unaniuma sana.

Uingereza ilitunga sheria ya kuuzuia mwaka 1937. Marekani, usimamizi wa shirika la kutetea wanyama la American Humane kwenye filamu ulianza mwaka 1940, baada ya farasi kufa alipoangushwa gengeni wakati wa kutengeneza filamu ya Jesse James. Hata hivyo, mwaka 2012 tamthilia ya televisheni ya Luck, inayohusu mbio za farasi, ilisitishwa baada ya farasi watatu kufa wakati wa utengenezaji wake.

Binti yangu aliomba tuizime filamu, nami nikaizima.