Aibu moja, maneno manne

Kwa miaka mingi Kiingereza changu kilikuwa na hisia tatu tu, happy, sad na angry, basi. Nikiulizwa naendeleaje nasema "I'm fine" hata kama nimetoka kulia chooni dakika tano zilizopita. Kazi naweza kuielezea, safari naweza, hata siasa najikongoja, ila mazungumzo yakifika kwenye mambo ya moyoni nageuka mtoto wa chekechea.

Kilichonishtua ni siku moja kwenye mazoezi ya kuongea, yale ya kwenye simu na mwalimu mnapangiana saa. Kipindi hicho nilikuwa nimemsahau rafiki yangu aliyefiwa, yaani wiki mbili zimekatika hata meseji ya pole sijatuma, na nilikuwa najisikia vibaya mno. Nikamwambia mwalimu "I am very shy because of my friend". Akacheka kwa upole, akaniambia usiwe na aibu bwana, unaongea vizuri sana, jiamini tu. Nikabaki nimeduwaa. Mimi naungama dhambi, yeye ananisifia matamshi!

Shida ni kwamba kwenye Kiswahili aibu ni aibu. Mtoto akijificha nyuma ya mama yake mgeni akija, ana aibu. Umeteleza mbele za watu, umeona aibu. Umemkosea mtu, unaona aibu. Kiingereza kimeikatakata vipande: shy ni tabia ya mtu, embarrassed ni ile ya kuanguka mbele za watu ambayo kesho mnaicheka, ashamed inachimba ndani kabisa, guilty inabaki kwenye kitendo ulichofanya. Wanasaikolojia wengi nao wanazitenganisha hizo mbili za mwisho, kwamba guilt inasema nimefanya kitu kibaya, shame inasema mimi ndiye mbaya. Nilipoelewa hapo nikaona kumbe kwa rafiki yangu nilikuwa guilty, sio ashamed, na guilty ina dawa, unapiga simu. Nikapiga. Alinisema kidogo halafu tukaongea saa nzima.

Baada ya hapo nikaanza kuwinda maneno. Mwanzoni nilifanya kosa la kila mtu, nikachukua orodha ndefu ya maneno ya hisia na tafsiri zake nikakariri, sikubaki na kitu. Halafu kamusi nazo zinakuangusha. Mfano kuvunjika moyo. Niliomba nafasi fulani nikakosa, nikamwandikia mtu "I am heartbroken", akaniuliza kwa huruma kabisa, nani amekuacha? Kwetu moyo unavunjika hata ukifeli mtihani, kwao heartbroken ni ya mapenzi au msiba, ni nzito. Nilichokuwa nakitafuta mimi kilikuwa disappointed, au discouraged kama nimekata na hamu ya kujaribu tena.

Kilichonisaidia ni kuacha kutafuta tafsiri na kuuliza mwili. Kiswahili kimeshaweka hisia mwilini zamani sana. Nina tumbo joto, hiyo ni nervous, dakika kumi kabla ya usaili. Roho iko juu siku tatu na hata sijui naogopa nini hasa, hiyo ni anxious. Mambo yamenizidi, nimeelemewa, hiyo ni overwhelmed, na ukichimba asili yake whelm ilikuwa kupindua kitu, kama chombo kinavyopinduka majini. Hapo ndo nikanogewa kuchimba asili za maneno. Anxiety inatoka kwenye neno la Kilatini la kubana na kukaba, worry zamani ilikuwa kunyonga, mpaka leo Waingereza wanasema mbwa ana-worry kondoo, maana yake anawakimbiza na kuwang'ata. Wasiwasi wetu umetoka kwenye Kiarabu, ni mnong'ono. Yaani Kiingereza kinakukaba shingo, Kiswahili kinakunong'oneza sikioni. Mimi nikiwa macho saa tisa usiku huwa nasikia mnong'ono, sijawahi kukabwa, kwa hiyo hapo nabaki na Kiswahili.

Maneno ya kukua kiutu nayo yana mitego yake. "You've grown" ni sifa, "grow up" ni matusi, maana yake acha utoto. Kujiachilia na yaliyopita ni "let go", lakini mtu akikuambia "they let me go" usimpongeze, amefukuzwa kazi (niliwahi kumpongeza, tuyaache hayo). Breakdown umeporomoka, breakthrough umepenya, na ukichanganya unamtisha mwenzio bure. Ila lililonichanganya zaidi ni kujitambua. Self-aware ni mtu anayejijua, mapungufu yake na nguvu zake. Self-conscious ni yule anayedhani kila mtu anamwangalia viatu. Ukiyageuza neno kwa neno yote mawili yanakupeleka kwenye kujitambua, halafu moja ni sifa na lingine ni mateso.

Kuna kitu pia nimekiona kwangu, kusema "I was depressed" ni rahisi kuliko kusema nilikuwa na sonona. Lugha ya kujifunzia ukubwani haina joto lile, unaweza kutamka jambo zito kama unasoma risiti. Kuna siku hiyo inasaidia, inakupa pa kuanzia. Kuna siku naona ni kujificha tu, naongea vizuri kabisa kuhusu kidonda ambacho sijakigusa.

Na pole je? Hiyo hawana. Mwalimu alikuwa anakohoa nikamwambia sorry, akajibu "it's not your fault". Najua sio kosa langu mwalimu, nakupa pole tu! Ilibidi nimweleze robo saa nzima, na nadhani alielewa nusu.

Siku hizi sikariri, kila usiku naandika sentensi moja kwenye daftari, hisia pamoja na kijineno kinachoifuata, maana hapo ndo watu tunaumbuka: ashamed of, worried about, cope with. Sio "cope up with", hiyo niliitumia miaka na hakuna aliyenirekebisha. Jana nimeandika "I felt relieved and a bit guilty", kikao kilikuwa kimeahirishwa na mimi sikuwa nimejiandaa.

Linalonishinda bado ni frustrated. Sio hasira, sio huzuni, ni kama umekwama kwenye matope na kila ukikanyaga mafuta tairi inazidi kuzama. Kwenye daftari nimeandika "kukwama na kukereka" na nikaweka alama ya kuuliza.