Tomi na mbuzi wa jirani

Jumapili, usiku

Miguu imechanwachanwa na miiba ya migunga, lakini niandike kabla usingizi haujanipitia.

Huku Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru ambako mvua hutupitia kando, mbwa akiona digidigi anafukuza. Ndivyo mbwa alivyo. Kwa hiyo jirani yangu, mzee mfugaji, alinicheka sana mwezi wa tatu aliponikuta nimeketi na Tomi katikati ya mbuzi, siku ya tano mfululizo, hatufanyi lolote. "Baba Neema, mbwa asiyefukuza kitu unampa ugali wa nini?"

Wazo la kumfundisha Tomi kufuata damu bila kufukuza nililipata kwa Mjerumani mmoja, enzi zile nafanya kazi shamba la maua Usa River. Kwao mbwa wa kutafuta mnyama aliyejeruhiwa hupewa mtihani: njia ya damu isiyopungua mita 1,000, damu yenyewe robo lita tu kwa njia nzima, tena iwe imelala zaidi ya saa 20. Wanyama wazima wakikatiza, asiwaguse. Mimi si mwindaji, kibali sina, na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haina mchezo. Ila fisi wakimjeruhi mbuzi akakimbilia vichakani, huwa tunampata kwa harufu, siku ya tatu.

Damu nilichukua buchani kwenye chupa ya maji. Sifongo nikaifunga kwenye fimbo, nikawa nagusa ardhi hapa na pale. Kwato nilizifunga chini ya katambuga zangu ili na harufu ya mguu wa mnyama iwepo. Mke wangu aliponiona natembea hivyo hakuuliza, aliingia tu ndani.

Nilikosea mapema. Kila Tomi alipoinua kichwa kwa digidigi, nilimchapa. Kufika mwezi wa tano alikuwa anaogopa damu yenyewe. Akiinusa analala chini, mkia tumboni. Mwezi mzima ukapotea kwa ujinga wangu. Nikaanza upya: kamba ya mita kumi, akipotoka nasimama kama nguzo, kimya. Pua ikirudi chini, tunaendelea.

Usiku wa kuamkia leo fisi kamng'ata mbuzi wa mzee pajani. Tuliondoka alfajiri, umande ukiwa bado chini, maana jua likishapiga vumbi la huku hakuna pua inayofanya kazi. Karibu na korongo digidigi wawili waliruka mbele yetu, hatua chache tu. Kamba ikatetemeka. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilipoinua macho, Tomi alikuwa ameshashusha pua.

Kisha akashika kushoto, na mimi matone nayaona kulia kabisa, mabichi. Nikavuta kamba. Akakaza. Nikavuta tena, akaketi, akanitazama. Mzee nyuma yangu akakohoa. Basi nikalegeza.

Mbuzi alikuwa ameenda kulia, akakwama ukingoni, akarudi. Tulimkuta kushoto, chini ya kichaka, anapumua kwa shida. Mzee alimchinja palepale.

Kuhusu ugali hakusema kitu. Jioni mjukuu wake alikuja na mguu mmoja wa mbuzi kwenye mfuko. "Shikamoo. Babu amesema huu ni wa Tomi, msiupike."