Meza ya Lugalo: plaiwudi ya Mafinga, katani na makapi ya chai

Nimejenga meza ya mchezo wa vita wa vijisanamu inayoonyesha Vita vya Lugalo, ambapo Wahehe wa Chifu Mkwawa waliwavamia Wajerumani. Vita hivyo vilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891, na hiyo tarehe ndiyo iliyonipangia rangi ya meza nzima. Agosti huku Uhehe, yaani Iringa, kiangazi kimekolea: nyasi zimekauka, miti mingi ya miombo imepukutisha, njia ni vumbi jekundu tupu. Anayepaka bonde lile kijani kibichi kwa kuiga meza za Ulaya anazoziona mtandaoni amevihamishia vita mwezi wa Machi. Tena si suala la kupendeza macho tu. Kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski kilivamiwa kikiwa kimejipanga msururu njiani, na wapiganaji wa Mkwawa walikuwa wamejificha kandokando. Kwa hiyo mchezaji akiitazama meza aone palepale wapi mtu anaweza kujificha na wapi hawezi. Mawe na vichaka vinaficha; nyasi kavu za magotini hazifichi.

Skeli niliyochukua ni 1/72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72, ambapo mtu wa meta 1.7 anakuwa na urefu wa milimita 24 hivi. Vijisanamu vya milimita 28 ni raha zaidi kuvipaka, lakini vinakula nafasi. Hesabu ni hii: msafara wa watu 300 wanaofuatana kwa meta moja moja una urefu wa meta 300, na kwa 1/72 hizo ni zaidi ya meta 4. Meza yangu ni sentimita 180 kwa 120. Nikaamua kijisanamu kimoja kiwakilishe watu kumi. Vijisanamu 30 kwenye vikalio (vitako vya kuvisimamishia) vya milimita 20 vinatoa msururu wa sentimita 60, ambao unaonekana kweli ni mrefu na kweli umebanwa.

Meza yenyewe ni vipande sita vya sentimita 60 kwa 60. Shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vinane, hivyo viwili vinabaki vya akiba, kimoja cha mto na kimoja cha kijiji. Plaiwudi za paini za Mafinga zinatosha kabisa, unene milimita 6, ila usizitumie hivihivi. Plaiwudi nyembamba ikipakwa gundi na rangi ya maji upande mmoja, upande ule unavimba kwanza, kisha unasinyaa unapokauka, na kipande kinajikunja kama chapati iliyosahaulika jikoni. Dawa yake ni mbili na zote zinahitajika: pigilia fremu ya mbao za sentimita 2 kwa 2 chini yake, kingo zote nne na msalaba katikati, halafu paka upande wa chini rangi ileile siku ileile unayopaka juu. Mbao za fremu ziwe kavu. Mbao mbichi za paini zitapinda zenyewe na kuvuta plaiwudi pamoja nazo.

Njia ya msafara nimeitoa kila kipande katikati kabisa ya ukingo, sentimita 30 kutoka kona, upana sentimita 4. Hapo vipande vinaweza kubadilishana nafasi na njia bado inaungana. Vilima navyo visifike ukingoni. Viishe sentimita 2 kabla, la sivyo mpangilio utakuwa ni uleule kila mara.

Vilima ni stairofomu ya kwenye maboksi ya friji na televisheni. Maduka ya vifaa vya umeme hapa Iringa huitupa. Ile nyeupe ya punje punje inakatika vibaya kwa kisu butu, punje zinang'oka na kuacha mashimo. Vunja ncha ya kisu cha wembe mara kwa mara na kata kwa kuvuta, usisukume. Kilima kiwe na ngazi mbili: mteremko wa kupendeza unaangusha vijisanamu, kwa hiyo kila baada ya sentimita 3 za mwinuko weka sehemu tambarare ya upana usiopungua sentimita 4. Gundi ni ile nyeupe ya mbao. Supaglu, gundi ya viatu na rangi ya kopo la kupuliza vyote vinayeyusha stairofomu, na vinaendelea kuiyeyusha kwa ndani baada ya wewe kuondoka. Ukitaka kupulizia kitu chochote chenye stairofomu, kifunike kwanza chote kwa rangi ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe, nusu kwa nusu, mikono miwili.

Hali ya hewa yetu ndiyo inayowasumbua wengi wanaofuata vipimo vya video za nje. Gundi nyeupe kati ya stairofomu na plaiwudi haina pa kutolea maji. Juni na Julai, kwenye baridi ya Iringa, na zaidi Mbeya au Mufindi, tone la katikati linaweza kubaki maziwa kwa siku kadhaa. Usipake shiti nzima. Piga mistari ya gundi yenye nafasi ya vidole viwili katikati ili hewa ipite, chomeka vijiti vya kuchokolea meno vishike, weka uzito juu, uache.

Udongo wa juu: mchanga wa mto uliochekechwa kwa chujio la chai, sehemu mbili, udongo mwekundu mkavu uliopondwa, sehemu moja. Vyote vikaangwe kwanza kwenye sufuria chakavu hadi viache kutoa mvuke. Udongo wa shambani una mayai ya wadudu na mbegu, na chini ya gundi yenye unyevu vitu hivyo huamka. Paka gundi iliyopunguzwa kwa maji kidogo, nyunyiza, kandamiza kwa kiganja, acha ikauke, halafu kung'uta. Kisha mzunguko wa pili ni wa kuziba: gundi moja kwa maji manne na tone la sabuni ya vyombo, idondoshwe. Bila sabuni maji yanasimama juu ya vumbi kama shanga na kuacha madoa.

Ingawa udongo ni wa kweli, lazima upakwe rangi. Ukishapata gundi unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa, na kwa skeli ndogo rangi ya asili huonekana nzito. Msingi wangu ni kahawia iliyokolea yenye nyekundu kidogo. Juu yake brashi kavu: chovya brashi pana ya nywele ngumu, ifute kwenye kadibodi mpaka ionekane haina kitu, kisha ipitishe kwa wepesi. Pita ya kwanza ni rangi ya tofali, ya pili tofali pamoja na krimu nusu kwa nusu, ya tatu krimu tupu kwenye njia na vilele tu. Ukiona michirizi ya brashi, ilikuwa bado na maji.

Nyasi ndizo zilizonipa raha kuliko kitu kingine. Kamba ya katani isiyotiwa rangi, ile ya kufungia mizigo, tayari ina rangi ya nyasi za Agosti. Hakuna cha kupaka. Nyasi ya sentimita 60 kwa 1/72 ni milimita 8, ya meta moja ni milimita 14. Fumua kamba, chana nyuzi kwa kitana cha zamani mpaka zinyooke, shika fungu la unene wa njiti ya kiberiti, chovya ncha kwenye gundi isiyopunguzwa, simamisha kwenye karatasi ya nailoni. Ikikauka kata juu kwa mkasi, kwa mshazari, si sawasawa, kisha bandua na gundisha mezani. Mafungu makubwa weka penye mawe na kingo za njia, katikati ya uwanda madogo na ya mbalimbali. Ukipanda kwa mistari utapata shamba la ngano. Mwisho gusa mizizi ya kila fungu kwa kahawia nyepesi sana, ili nyasi zionekane zimeota badala ya kuchomekwa.

Miti natumia matawi ya chai yaliyopogolewa, yanayopatikana Mufindi, Njombe na Rungwe. Mchai hukatwa kila baada ya miaka michache, basi tawi lake lina vifundo na mikunjo ya mti mzee ingawa ni jembamba. Mti wa meta 10 ungekuwa sentimita 14, lakini mchezoni mkono unahitaji kupita, kwa hiyo nilikata sentimita 9 hadi 11. Toboa kitako, ingiza msumari usio na kichwa, chomeka. Mingi iache bila majani. Michache ipate vipande vya spanji ya godoro vilivyosagwa na kupakwa kahawia ya dhahabu. Chini ya miti mwaga makapi ya chai yaliyokwishapikwa. Hakuna kitu kinachofanana na majani yaliyopukutika kuliko hayo. Lakini yakaushwe juani na kisha kwenye kikaango. Makapi yenye unyevu huota ukungu mweupe, na huo hautoki.

Mawe ya Iringa ni ya mviringo, makubwa, yamekaa juu ya mengine. Panda jiwe la Gangilonga uone. Magome ya paini yanayosifiwa sana kwa majabali yana matabaka, kwa hiyo hapa hayafai. Mawe ya pumisi ya upande wa Rungwe ni mepesi, lakini vinyweleo vyake ni vikubwa mno kwa skeli hii. Nilichonga stairofomu, nikasugua kwa msasa mkali hadi ikawa mviringo, nikapaka jipsamu. Mwaga jipsamu ndani ya maji, si maji ndani ya jipsamu: ujazo mbili za unga kwa moja ya maji, acha dakika moja inywe, kisha koroga polepole bila kuingiza mapovu. Ikianza kuwa nzito kama mtindi, paka. Usiongeze maji ikishaanza kuganda, itakuwa chaki. Rangi ni kijivu chenye kahawia, brashi kavu ya kijivu cheupe, na michirizi myeusi membamba kutoka juu kwenda chini, pale maji ya mvua yanapopita.

Tembe ni kazi ndogo. Kadibodi ngumu, ukuta milimita 30, paa bapa, mlango milimita 26, kwa sababu kijisanamu kimepandishwa na kikalio. Paka udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga mara mbili yake na gundi. Udongo mtupu unapasuka na kubanduka.

Vijisanamu nilichonga vitatu tu: mpiganaji, askari na mpagazi. Mifupa ni waya wa shaba wa milimita moja kutoka kwenye nyaya za umeme, nyama ni epoksi ya mafundi bomba, ile ya kijiti chenye rangi mbili. Soma muda kabla ya kununua. Ya dakika tano haikupi nafasi ya kuchonga uso. Tafuta ya saa moja. Chonga kwa sindano na kijiti vilivyolowekwa maji ili isinate. Kwenye baridi epoksi huchelewa sana kukomaa, kwa hiyo weka kazi karibu na balbu ya joto, wala usiiguse kabla ya kesho yake.

Vingine vyote vinatoka kwenye kalibu. Chukua silikoni ya vioo, ile inayonuka siki, changanya na kornflawa ujazo sawa kwa sawa, vaa glovu, fungua dirisha. Silikoni peke yake huganda kwa nje tu, kwa sababu inahitaji unyevu wa hewani. Kornflawa inaingiza unyevu huo hadi ndani, na donge zima linakuwa tayari ndani ya nusu saa hivi. Zamisha kijisanamu nusu kwenye plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto), toboa mashimo manne kwa kifuniko cha kalamu, kandika silikoni. Ikiwa tayari toa plastisini, paka vaselini nyembamba juu ya silikoni yote, kisha kandika nusu ya pili. Ukisahau vaselini nusu mbili zinakuwa moja. Kujaza: epoksi laini pande zote mbili, izidi kidogo, bana kwa ubao na uzito. Mikuki isiwemo kwenye kalibu. Ngumi itobolewe kwa pini yenye mafuta kabla epoksi haijakauka.

Mkuki ni waya wa pili wa gitaa, karibu milimita 0.4, urefu milimita 28. Ncha ichomwe kwenye moto hadi iive nyekundu, ipoe yenyewe, ndipo igongwe. Chuma kigumu kisipochomwa hupasuka. Ngao ni boksi la maziwa, milimita 17 kwa 9, iviringishwe juu ya kalamu, ipakwe krimu kisha mabaka ya kahawia au meusi yasiyofanana. Ngao mbili zenye mabaka sawa zinaonekana haraka kuliko kosa lolote la uso. Mzigo wa mpagazi, ambao zamani ulikuwa kama kilo 30, ni njiti za kiberiti tatu zilizokatwa milimita 8, zimezungushiwa karatasi ya choo yenye gundi na kufungwa uzi. Kikalio ni washa ya bolti yenye unene wa milimita 10: ina upana wa milimita 20, ina uzito, na kitundu kinazibwa kwa tepu ya karatasi.

Kupaka: msingi mweusi wa kahawia, kisha ngozi, kisha nguo, na mwisho maji ya rangi, kahawia moja kwa maji nane na tone la sabuni, yaingie kwenye mikunjo. Askari niliwapaka kaki iliyopauka, si kaki ya dukani. Vanishi iwe isiyong'aa. Ya kopo ipulizwe saa sita hadi saa nane mchana, jua likiwa limetoka, kopo likiwa limekaa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Kwenye ukungu wa asubuhi au jioni ya masika, unyevu hunaswa ndani ya vanishi na kila kitu kinageuka cheupe kama kimemwagiwa unga. Ikitokea, usikwangue: subiri mchana mkavu, puliza mkono mwembamba mwingine, na mara nyingi weupe unaondoka.