Tuzo ya wahandisi: fedha ni mwanzo tu

Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, iliyoanzishwa 1976, ndiyo inayotoa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi. Mshindi wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Askwar Hilonga wa Arusha. Chujio lake la maji huunganisha mchanga na nanomateria (vitu vya chembe ndogo mno), kwa kuwa mchanga peke yake hunasa tope na vijidudu lakini floridi, madini yanayodhuru meno yakizidi, hupita. Alipata pauni 25,000. Mwaka 2024 Esther Kimani wa Kenya alipata pauni 50,000 kwa kifaa cha sola kinachotambua wadudu na magonjwa ya mimea.

Kwangu, kubwa zaidi ni miezi minane ya mafunzo ya biashara ambayo tuzo huwapa wanaoteuliwa kuiwania. Ukiomba, usieleze mtambo tu. Andika nani atanunua, kwa bei gani, na vipuri vitatoka wapi.