Kunguru wa Mombasa na dawa ambazo hajawahi kumeza

Tangu shirika la wanyamapori nchini, KWS, litangaze mwaka 2024 mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1, mazungumzo ya barazani kuhusu ndege huyu yamejaa chuki, na chuki hiyo naielewa, kwani kunguru wa India, aliyeonekana Mombasa kwa mara ya kwanza mwaka 1947, huwasumbua ndege wetu wa asili, hunyakua vifaranga na hamwachii mchuuzi ng'onda wake aliowaanika juani. Katika mazungumzo hayo, hata hivyo, sijasikia likitajwa jambo linalonitia hofu zaidi, nalo ni bakteria sugu, yaani wasiouawa tena na dawa, anaoweza kuwabeba tumboni.

Kunguru hapelekwi hospitali wala haandikiwi dawa. Usugu huo anaupata kwetu. Bakteria wa E. coli huishi katika utumbo wa binadamu, wa ng'ombe, wa kuku na wa ndege, na aghalabu hawamdhuru anayewabeba. Mtu anaponunua amoksilini, dawa ya kuua bakteria, dukani bila karatasi ya daktari na kuimeza siku mbili tu, au mfugaji anapowachanganyia kuku wake dawa katika maji ya kunywa, bakteria dhaifu hufa na wenye uwezo wa kuistahimili dawa hubaki wakizaana, kisha hutoka pamoja na kinyesi. Katika mji ambao nyumba nyingi hazijaunganishwa na mfereji wa majitaka, ambako vyoo hufurika mvua za masika zinapopiga na nepi hutupwa jaani pamoja na mabaki ya chakula, kunguru hula na kunywa humo humo, na jioni hurudi kulala kwenye miembe yetu. Tena bakteria wana plasmidi, vipande vidogo vya vinasaba ambavyo huweza kupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata wasio wa aina moja, na usugu ukasafiri navyo.

Haya si dhana tupu. Watafiti waliochunguza kaya 99 jijini Nairobi walichapisha mwaka 2019 matokeo yaliyoonyesha E. coli sugu katika ndege na wanyama wa porini wanaoishi karibu na watu na mifugo. Mapema zaidi, mwaka 2008, wengine walieleza kwamba walipata bakteria sugu katika ndege wa Aktiki, eneo la baridi kali kaskazini kabisa mwa dunia, mbali kabisa na maduka ya dawa. Mwaka 2019 pekee, inakadiriwa kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa maambukizi ambayo usugu ndio uliowaua moja kwa moja.

Kumpunguza kunguru kwaweza kuwaokoa ndege wengine, na hilo naliunga mkono. Lakini majitaka yakiendelea kutiririka vichochoroni, mwewe, njiwa na panya watabeba kile kile. Majumbani tufunike matangi ya darini, ambamo kunguru hunywa na kuoga; serikali nayo isimamie uuzaji wa dawa na ijenge mifereji. Na kwa kuwa kunguru wanauawa, ningependa baadhi ya mizoga ipelekwe maabara kabla ya kufukiwa, ili madaktari wetu wajue ni dawa zipi zimeanza kushindwa mitaani kabla mgonjwa hajafikishwa wodini.