Wasifu wa baba unaosomwa msibani

Wasifu wa marehemu ukizidi ukurasa mmoja wa A4, watu wanaanza kuchungulia simu. Maneno 350 hivi, yakisomwa taratibu, yanachukua dakika tatu hadi nne. Yanatosha.

Tarehe ya kuzaliwa itoeni kwenye cheti cha ubatizo au kitambulisho cha NIDA, si kichwani mwa shangazi. Zikipishana, andikeni mwaka tu. Panapochoma ni orodha ya watoto. Wote watajwe, wa ndani na wa nje ya ndoa, kwa mfuatano wa kuzaliwa, na mzee wa ukoo aipitie usiku kabla haijachapwa. Jina likirukwa, ugomvi unaanzia palepale makaburini na kuhamia kwenye mirathi.

“Alikuwa mchapakazi na mkarimu” husemwa kwa kila marehemu, hata aliyekuwa bahili (tunajuana). Andikeni alichofanya: alifungua duka saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili tu ndiyo alipumzika, alilipa ada ya watoto wa mdogo wake hadi kidato cha nne, daftari la mkopo la majirani hakulipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa hata siku moja. Aliowasaidia waulizwe kwanza, maana si kila mtu anapenda shida zake zitangazwe kwenye spika.

Msomaji asiwe mjane wala kitinda mimba. Mpwa au mkwe anafaa. Chapeni kwa herufi za ukubwa wa 14, nakala tatu: ya msomaji, ya msaidizi endapo kilio kitamshika, na ya mshereheshaji. Tangazo la madeni lisiingizwe humu; msemaji wa familia alitoe peke yake.