Godoro Lipime kwa Mizani, Si kwa Inchi

Dukani watu huuliza inchi tu: sita, nane au kumi? Inchi ni kimo. Kinachobeba mgongo ni densiti, yaani kilo za sponji katika mita moja ya ujazo. Godoro la futi tano kwa sita, inchi 8, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57. Sponji ya densiti 25 itakuwa na kilo 14 hivi. Ya densiti 16 ni kilo 9 tu hivi. Kwa hiyo omba mizani, au nyanyua upande mmoja ulinganishe na la pembeni yake lenye kipimo kilekile. Lile jepesi litafanya bonde upesi pale nyonga inapokaa, mgongo upinde, na uamke kiuno kinauma.

Kulibonyeza kwa kiganja ni kujidanganya. Lala ubavu dakika kumi, vile unavyolala nyumbani. Bega likifa ganzi, ni gumu mno kwako. Nyonga ikizama kuliko bega, ni laini mno. Anayelala chali apitishe mkono chini ya kiuno: ukipita bila kugusa kitu, godoro halimshiki.

Halafu chaga. Nafasi kati ya mbao ikizidi sentimita 7 hivi, sponji huzama humo, na lawama zote huangukia godoro.

Nailoni ya dukani ivue siku hiyohiyo (najua, wengi huiacha ili godoro libaki jipya). Inazuia jasho kukauka, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa utagaagaa usiku kucha.